Namba moja, mahali pamoja: shajara ya programu yetu ya daftari la duka

Wiki ya 1, Jumatatu

Asubuhi alinipigia simu mama mmoja mwenye duka la khanga na vitenge, Makorora, hapa Tanga. Programu inamwonyesha deni la mteja aliyekwisha kulimaliza wiki iliyopita. Nikamuuliza anatumia toleo gani. Akafungua ukurasa wa "Kuhusu", akanisomea taratibu: moja, nukta, tisa, nukta, mbili.

Nikafungua msimbo (code) wa 1.9.2, nikaweka deni, nikalipa, nikafunga programu, nikafungua tena. Kasoro haikutokea. Nikajaribu kwa simu ya zamani, nikajaribu bila intaneti. Hakuna. Saa tatu zilipita kabla sijakumbuka kwamba faili la APK (la kusakinishia programu kwenye simu) alilonalo nililijenga kwenye kompyuta yangu mwenyewe, jioni moja, nikiwa katikati ya kupanga upya sehemu ya madeni. Mabadiliko yale yalikuwa nusu, na nusu hiyo sikuwahi kuiingiza kwenye Git, zana inayotunza historia ya msimbo wetu. Kwa hiyo msimbo unaomsumbua hauko kwangu wala kwenye seva. Uko ndani ya simu yake tu.

Nimemwomba radhi na kumtumia faili safi. Kisha nikatafuta kila mahali palipoandikwa namba ya toleo katika mradi huu. Nimepata sehemu tano. pyproject.toml, faili la mipangilio la seva, inasema 1.9.3. build.gradle, la mipangilio ya Android, inasema 1.9.4. README, faili la maelezo ya mradi, bado iko 1.8.0. Faili la orodha ya mabadiliko limeishia 1.9.3. Na ule ukurasa wa "Kuhusu", ambao ndio pekee mteja anaouona, una namba iliyoandikwa kwa mkono ndani ya maandishi ya skrini: 1.9.2. Mama wa watu alinisomea kwa uangalifu namba isiyo kweli, nami nikaifuata.

Kazi ya wiki hizi ni kuhakikisha kwamba mtu akinisomea namba kwa simu, namba hiyo inanipeleka kwenye msimbo uleule alioushika mkononi.

Wiki ya 1, Jumatano

Nimeanza na njia inayomjia kila mtu kwanza: skripti fupi ya sed, zana ya kutafuta na kubadilisha maandishi, inayopita kwenye mafaili yote na kubadilisha namba za zamani, 1.9.4 na nyinginezo, kuwa 1.10.0. Imenipa makosa mawili kwa mpigo.

La kwanza, moja ya maktaba tunazotumia kwenye seva nayo iko toleo 1.9.4. Skripti haikujua ipi ni yetu na ipi ni ya watu, ikazibadilisha zote, na seva ikagoma kujengeka kwa sababu maktaba hiyo haina toleo tulilolitaja. La pili lilijificha zaidi. Katika lugha ya sed nukta maana yake ni "herufi yoyote", kwa hiyo 1.9.4 inalingana pia na 16954. Namba ya mistari (barcode) ya bidhaa kwenye data zetu za majaribio ilikuwa na tarakimu hizo katikati, ikatoka na 1.10.0 ndani yake. Jaribio likaanguka, nami nikahangaika kutafuta kasoro kwenye kisoma mistari, ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Wiki ya 1, Ijumaa

Kuna zana zilizotengenezwa kwa kazi hii. Nimejaribu bump2version: unaiorodheshea mafaili, unaieleza namba imeandikwaje katika kila moja, kisha unaiambia ipandishe sehemu ipi. Inafanya kazi vizuri, na mtu ambaye shida yake ni kusahau faili moja kati ya matano itamtosha.

Shida yangu ni nyingine. Hata nakala tano zikikubaliana, bado ni nakala tano za maneno yaliyoandikwa, na hakuna kinachozifunga na msimbo wenyewe. Ningeweza kuwa na 1.10.0 kila mahali, kisha nikajenga APK juu ya mabadiliko nusu kama yale ya mama wa Makorora, na bado namba ingedanganya. Nimekubaliana na mwenzangu ninayeandika naye programu hii kwamba namba isiandikwe kwenye faili lolote la mradi. Itakaa kwenye tegi ya Git tu, yaani alama inayobandikwa kwenye hatua fulani ya msimbo, na kila kinachojengwa kitaiuliza Git: mimi ni nani?

Wiki ya 2, Jumatatu

Amri ninayoitegemea ni git describe. Inarudi nyuma kutoka komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) ulipo hadi tegi ya karibu, kisha inakueleza uko umbali gani. Ukiwa juu ya tegi yenyewe inajibu v1.10.0. Ukiwa komiti nne mbele inajibu hivi:

`v1.10.0-4-g3f2a9d1`

Nne ni idadi ya komiti zilizoongezeka, g ni ya Git, na zinazofuata ni tarakimu za mwanzo za utambulisho wa komiti. Ukiongeza --dirty, na kuna mabadiliko kwenye mafaili ambayo hayajaingizwa, mwishoni inabandika neno -dirty. Ningekuwa na neno hilo kwenye ukurasa wa "Kuhusu" miezi miwili iliyopita, zile saa tatu zingekuwa dakika moja. Sasa skripti ya kujenga toleo la mteja ikiliona neno hilo inasimama palepale, haitoi APK.

Jambo lililonichelewesha: tegi zangu za zamani hazikuonekana. Git ina tegi za aina mbili. Ile nyepesi ni jina tu lililobandikwa kwenye komiti. Ile yenye maelezo, inayotengenezwa kwa git tag -a, inabeba jina la aliyeiweka, tarehe na ujumbe. git describe ukiiacha kama ilivyo huzitazama zenye maelezo tu, na zangu zote zilikuwa nyepesi. Ningeweza kuongeza --tags ikaziona zote, lakini nimechagua kinyume chake: kuanzia sasa toleo ni tegi yenye maelezo, na nyepesi nibaki nazo kwa alama zangu binafsi. Tena git push --follow-tags husukuma zile zenye maelezo tu, kwa hiyo alama zangu hazitamfikia mwenzangu na kumchanganya.

Wiki ya 2, Jumanne

Kistari kimenisumbua nusu siku, na nimefurahi kwamba nimekiona mapema.

Tunafuata kanuni ya SemVer, ile iliyoandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Namba tatu: ya kwanza inapanda ukivunja kitu ambacho wengine wanakitegemea, ya pili ukiongeza kitu bila kuvunja, ya tatu ukirekebisha kasoro. Katika kanuni hiyo, kinachofuata baada ya kistari maana yake ni toleo la kabla. 1.11.0-rc.1 iko nyuma ya 1.11.0. Sasa tazama jibu la Git: 1.10.0-4-g3f2a9d1. Kwa Git ni komiti nne baada ya 1.10.0. Kwa anayesoma SemVer ni kitu kilichotangulia 1.10.0. Maandishi ni yaleyale na maana zimepishana kabisa.

Nimeweka alama ya kujumlisha badala ya kistari cha kwanza, na nukta badala ya cha pili: 1.10.0+4.g3f2a9d1. SemVer inachukua kilicho baada ya kujumlisha kama maelezo ya ujenzi, haikihesabu katika kupanga mkubwa na mdogo. Python nayo, lugha ya msimbo wa seva yetu, kwa kanuni yake ya PEP 440, inaikubali namba ya namna hiyo bila ubishi. setuptools_scm, zana ya Python ya kutoa namba kwenye tegi, ingetupa mtindo mwingine, 1.10.1.dev4, yaani inakisia toleo lijalo. Sikuupenda kwa programu yetu. Sitaki simu ya mteja iseme 1.10.1 wakati 1.10.1 haijazaliwa.

Wiki ya 2, Alhamisi

Zamu ya Android. Huko kuna namba mbili: versionName, ambayo ni maandishi ya kusomwa na watu, na versionCode, namba kamili inayosomwa na mfumo. Simu haikubali kusakinisha APK yenye versionCode ndogo juu ya iliyo kubwa, na Google Play haipokei versionCode iliyokwisha kutumika. Yetu tulikuwa tunaipandisha moja moja kwa mkono. Iko 47. Mara mbili tumesahau, mara mbili tumerudishwa mlangoni.

Nimeifanya itokane na tegi: namba ya kwanza mara 1,000,000, ya pili mara 1,000, jumlisha ya tatu. 1.10.0 inakuwa 1010000. Kila moja ya sehemu mbili za mwisho ina nafasi hadi 999. Mwenzangu aliona ni nafasi kubwa mno, akapendekeza tarakimu mbili mbili. Nilimkumbusha yaliyoipata Linux Februari 2021. Namba ya tatu ya toleo la kiini (kernel) cha mfumo huo wa kompyuta ilikuwa imetengewa biti nane, yaani mwisho wake 255, na matawi ya muda mrefu 4.4 na 4.9 yakafika .256. Walilazimika kuibana ibaki 255 kwa programu zinazoihesabu, ili isimwagikie namba ya pili. Watu wale hawakuwa wazembe, ila mradi uliishi miaka mingi kuliko alivyotarajia aliyepanga biti zile. Nasi tunataka daftari hili liishi.

Kikomo cha Google Play ni 2100000000. Kwa hesabu yetu tunaweza kufika 2099.999.999. Yatosha.

Kutoka 47 kwenda 1010000 ni safari isiyo na kurudi, kwa hiyo nimeihakiki hesabu mara tatu kabla ya kusukuma.

Wiki ya 3, Jumatatu

Kwenye kompyuta yangu kila kitu sawa. Kwenye GitHub Actions, mtambo wa GitHub unaotujengea programu:

`fatal: No names found, cannot describe anything.`

Mtambo unapochukua msimbo huchukua komiti moja tu ya mwisho ili kuokoa muda. Historia haipo, tegi hazipo, na swali la "mimi ni nani" halina jibu. Dawa ni mstari mmoja, fetch-depth: 0, ili ichukuliwe historia yote. Kwa mradi mdogo kama wetu tofauti ni sekunde chache.

Kilichonitia hofu ni skripti yangu mwenyewe. Niliipa namba ya akiba, 0.0.0, itumike Git ikishindwa kujibu. Kama ujumbe ule usingepita mbele ya macho yangu, tungetoa APK yenye 0.0.0. Nimeiondoa akiba hiyo. Pasipo namba ya kweli, ujenzi ufe kwa kelele.

Wiki ya 3, Alhamisi usiku

Siku mbaya. Naandika kabla sijalala ili nisisahau mpangilio wake.

Saa nne asubuhi tulitoa 1.10.0, toleo la kwanza kwa njia mpya. Tegi, ujenzi, versionCode, ukurasa wa "Kuhusu", vyote vilikubaliana. Saa sita simu zikaanza. Wateja waliosasisha wanaona ujumbe: "Toleo lako ni la zamani, tafadhali sasisha programu." Wanasasisha, ujumbe unabaki. Mmoja aliipakua programu upya mara tatu kwa bando lake, na bando la siku dukani si kitu cha kuchezea.

Seva yetu ina sharti: simu yenye toleo chini ya 1.4.0 isipokelewe, maana kwenye 1.4.0 tulibadilisha muundo wa rekodi za madeni. Sharti hilo nililiandika mwenyewe zamani, na nililinganisha namba kama maandishi. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kutoka kushoto, kama kamusi inavyopangwa. "1.9.4" na "1.4.0": moja sawa, nukta sawa, tisa inaizidi nne, pita. "1.10.0" na "1.4.0": moja sawa, nukta sawa, halafu moja dhidi ya nne. Moja ni ndogo. Rudi nyumbani. Sharti lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, ila kwa muda wote huo namba yetu ya katikati ilikuwa na tarakimu moja na ubovu haukuwa na pa kutokea.

Wazo la kwanza la mwenzangu lilikuwa kuwarudisha wateja kwenye 1.9.4. Haiwezekani. 1.9.4 ina versionCode 47, simu zina 1010000, Android inakataa kushuka. Basi dawa ikawa upande wa seva. Nimeondoa ulinganishaji wa maandishi, nikaweka packaging.version ya Python, ambayo inaigawa namba na kulinganisha kila kipande kama hesabu. Kufika saa nane na nusu seva ilikuwa inawapokea. Maduka kumi na moja yaliguswa. Mauzo hayakupotea, kwa kuwa programu inayatunza kwenye simu hadi seva iyapokee, na huo ni uamuzi wa zamani ninaoushukuru sana usiku huu. Nimewapigia wote kumi na mmoja, mmoja mmoja. Yule wa bando nimemrudishia kwa salio.

Majaribio mapya niliyoongeza: 1.9.9 dhidi ya 1.10.0, 1.10.0 dhidi ya 1.4.0, 1.99.0 dhidi ya 2.0.0, 1.11.0rc1 dhidi ya 1.11.0. Na lipo jambo la kukiri. Kwa kanuni tunayodai kuifuata, lile badiliko la muundo wa madeni lilistahili kuitwa 2.0.0. Tuliliita 1.4.0 kwa kuwa tuliona aibu kufika 2 mapema. Tungeliita kwa jina lake, sharti la seva lingekuwa kuangalia namba ya kwanza peke yake.

Wiki ya 4, Jumanne

Sasa tunataka skripti ipendekeze namba ijayo kwa kusoma ujumbe wa komiti. Ipo kanuni ya Conventional Commits, yenye maneno ya Kiingereza mwanzoni mwa ujumbe, feat na fix na wenzake. Sisi wawili huandika komiti zetu kwa Kiswahili, na kuchanganya kulituchosha, kwa hiyo tumeweka maneno yetu mwanzoni mwa mstari: "vunja:" hupandisha namba ya kwanza, "ongeza:" ya pili, "rekebisha:" ya tatu, na "tunza:" kwa usafi wa ndani, haipandishi kitu. Skripti inasoma komiti zote tangu tegi ya mwisho na kuchukua lililo zito kuliko yote. Mistari arobaini ya Python, basi.

Komiti isiyo na neno la mwanzo inakataliwa na kilinzi cha commit-msg, skripti ambayo Git huiendesha kabla ya kuikubali komiti. Vilinzi vya Git hukaa ndani ya .git/hooks na havisafiri mtu anaponakili mradi, jambo ambalo mwenzangu aligundua baada ya siku nzima ya kuandika atakavyo. Tumevihamishia kwenye folda ya kawaida ya mradi na kuielekeza Git huko kwa core.hooksPath.

Wiki ya 4, Ijumaa

Mwenzangu anataka mtambo utoe toleo wenyewe kila mara tawi kuu linapobadilika. Nimekataa, na tumebishana vizuri.

Mfano wangu ni wake. Juzi alibadilisha jinsi punguzo linavyokadiriwa kwenye risiti, akaandika "rekebisha:". Kwa msimbo ni kweli, hesabu ya awali ilikuwa na kosa. Kwa mwenye duka anayelinganisha risiti za mwezi uliopita na za mwezi huu, ni badiliko analopaswa kuambiwa kabla halijamfikia. Skripti haiwezi kulijua hilo, kwa sababu halimo kwenye msimbo. Limo kwenye daftari la mtu. Tumekubaliana skripti ipendekeze namba na iandike rasimu ya orodha ya mabadiliko, kisha mmoja wetu asome kwa jicho la mteja na kuweka tegi kwa mkono wake. Ikishawekwa haihamishwi wala haifutwi. Tukikosea, tunatoa namba nyingine.

Wiki ya 6, Jumatano

Mama wa Makorora amekubali kuwa mjaribuji wetu. Jumatatu nilimpa APK ya majaribio. Leo saa nne kasoro robo kapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeuza doti moja ya khanga, stoo imepungua kipande kimoja. Doti ni vipande viwili, au kwenu huko imekuwa kimoja?"

Nikamwomba afungue "Kuhusu". Hivi sasa namba iko juu kabisa, kwa herufi kubwa. Akasoma: moja, nukta, kumi na moja, nukta, sifuri, jumlisha, tatu, nukta, g ya gari, tisa, e ya embe, nne, moja, b ya baba, saba, d ya dada.

`git checkout 9e41b7d`

Nikawa kwenye msimbo uleule alionao. Nikauza doti moja kwenye simu ya majaribio. Stoo ikapungua kipande kimoja. Alikuwa bado yuko hewani, nikamwambia nimeiona.

Saa tano na dakika kumi: "rekebisha: doti moja ya khanga ipunguze vipande viwili stoo". Skripti ikapendekeza 1.11.1. Mwenzangu akasoma, nikaweka tegi. versionCode 1011001.